Historia ya Chai, Ikitazamwa Kutoka Chini ya Gari

Historia ya chai ya Kericho na Bomet imeandikwa mara nyingi, na karibu kila mwandishi huanzia shambani. Sina ugomvi na hilo. Ardhi ilichukuliwa, Wakipsigis wakasukumwa pembeni, ukoo wa Talai ukahamishiwa Gwassi karibu na Ziwa Victoria kuanzia mwaka wa 1934, na madai ya ardhi hiyo bado yako mezani. Lakini jani likishachumwa, safari ndiyo kwanza inaanza. Lazima lifike kiwandani siku hiyo hiyo. Likilala ndani ya gunia linapata joto, linabadilika rangi, na karani wa chai akilitia mkono tu anajua. Kati ya kichaka na pesa ya mkulima kuna mlima, kuna matope, na kuna gari. Na nyuma ya gari, kule chini, kuna kibofu cha chuma ambacho kila fundi wa huku hukiita difu.

Mimi ni mtu wa Konoin, Bomet. Mengi ninayojua kuhusu chai niliyasikia nikiwa nimelala chali chini ya pikapu, mtu mzima akiniambia nishike tochi vizuri. Ndiyo maana nataka kuipitia historia hii kwa kazi moja ndogo ambayo sijaikuta katika kitabu chochote cha historia nilichosoma: kubadilisha oili ya difu nyumbani.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuingia chini ya gari, difu ni hivi. Nguvu ya injini huja nyuma kwa shafti ndefu inayozunguka. Mwisho wa shafti kuna gia ndogo, pinioni, inayosukuma gia kubwa iitwayo krauni, na hapo mzunguko unageuzwa kuelekea kwenye matairi. Hiyo ni kazi ya kwanza. Ya pili ni kuyaruhusu matairi mawili yazunguke kwa kasi tofauti. Chukua gari ambalo matairi yake ya nyuma yameachana kwa mita 1.4. Likipiga ile kona ya kurudi lilikotoka, ambayo barabara za mashamba ya chai zimejaa, tairi la nje husafiri karibu mita 4.4 zaidi ya lile la ndani. Bila difu, tairi moja lingeburutwa kila kona. Mfaransa Onésiphore Pecqueur alisajili mtambo wa namna hii katika miaka ya 1820, kwa ajili ya gari la mvuke, karibu miaka mia moja kabla ya mashamba makubwa ya chai kupandwa Kericho.

Ubaya wake ni kwamba difu ya kawaida hupeleka mzunguko mahali penye urahisi. Tairi moja likipata utelezi, ndilo linalozunguka kama wazimu. Mwenzake aliye kwenye ardhi ngumu anatulia tu. Yeyote aliyewahi kusukuma matatu mwezi wa Aprili kwenye barabara zetu anajua hili hata kama hajui jina lake: matope humrukia aliyesimama upande mmoja, na wa upande wa pili anabaki msafi akitoa maagizo.

Mkokoteni wa ng'ombe hauhitaji difu. Kila gurudumu linazunguka kivyake kwenye ekseli, na grisi kidogo inatosha. Na ni kwa mikokoteni ndiyo Kericho ya wakoloni ilianza. Reli ilifika Kisumu mwaka wa 1901, ikapita mbali na Kericho, kwa hivyo mizigo ilishushwa kituo cha Lumbwa, ambacho leo ni Kipkelion, kisha ikavutwa kupanda. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia serikali ilileta maafisa wa jeshi waliojeruhiwa ili walime kitani katika ardhi iliyotwaliwa. Bei ya kitani ikaanguka, mpango ukafa. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zikaingia na chai, na chai ikadai viwanda, barabara, malori na matrekta. Ng'ombe wakaanza kustaafu, na mtu akahitajika wa kujua kilichomo ndani ya kibofu kile cha chuma.

Mtu huyo kwa kawaida alikuwa Mhindi, na mara nyingi Sikh. Zaidi ya Wahindi 31,000 waliletwa kujenga reli kati ya 1896 na 1901, na wengine wengi waliwafuata kwa hiari yao, wakiwemo maseremala na wahunzi wa Punjab ambao mikono yao ilihama haraka kutoka mbao na nyundo hadi injini. Kericho ilipata sehemu yake. Baba Puran Singh, kiongozi wa dini ambaye Masikh kote duniani humwita Kerichowale kwa jina la mji wetu, aliishi na kufanya kazi ya ufundi hapa kabla ya kuhamia Uingereza. Na mwaka wa 1932, Kericho hiyo hiyo, alizaliwa Joginder Singh. Alianza na spana katika gereji ya baba yake, akaja kuwa fundi wa doria wa chama cha wenye magari, yule anayekufuata barabarani gari likizima. Mwaka wa 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda Safari Rally kwa Volvo iliyokuwa imeshatumika na dereva mwingine. Akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi. Watu humkumbuka kwa mwendo. Mimi naona jambo jingine: mtu aliyeshinda mashindano magumu ya magari kwa gari la mtumba bila shaka alijua kila nati iliyokuwa chini yake.

Mwafrika katika gereji hizo, na katika karakana za mashamba, alikuwa spanaboi. Jina lenyewe linakuambia alionwa vipi: mtu mzima mwenye watoto, lakini boi. Kazi yake ilikuwa kupitisha spana, kuosha vyuma kwa mafuta ya taa na kumwaga oili chafu. Wazee niliowakuta wakiwa hai walisimulia kwamba hakuna aliyekaa chini kuwafundisha. Walitazama. Walihesabu mizunguko ya nati. Walijua kopo gani lilitumika kwa difu na lipi kwa injini kwa sababu ya harufu, maana maandishi ya Kiingereza kwenye kopo hayakuwa yao. Kisha siku ya kustaafu, au ya kufukuzwa, wakarudi nyumbani na ujuzi huo.

Nyumbani kulikuwa kumebadilika. Kwa miongo mingi Mwafrika hakuruhusiwa kupanda chai yake mwenyewe. Mpango wa Swynnerton wa 1954 ulilegeza kamba, mwaka wa 1960 ikaundwa mamlaka ya kusimamia mazao ya wakulima wadogo, na 1964 ikazaliwa KTDA. Litein, Kapkatet, Mogogosiek, Kapkoros, Tirgaga: viwanda vya wakulima wadogo vikasimama kwenye vilima ambavyo hapo awali havikuwa na hata duka la chumvi. Kampuni kubwa lilikuwa na karakana yake, shimo lake la kuingilia chini ya gari na mapipa yake ya oili. Mkulima mwenye ekari moja na pikapu ya kununua kwa mkopo alikuwa na uwanja wa nyumba, jeki, na labda huyo mzee aliyekuwa spanaboi.

Hapa ndipo naomba uvumilivu wa msomaji, maana lazima nieleze harufu.

Mwaka wa 1926 kampuni ya Packard ya Marekani ilianza kuuza magari yenye gia za hipoidi kwenye difu. Pinioni ilishushwa chini ya kitovu cha krauni, sakafu ya gari ikaweza kushuka, na meno yakawa makubwa na yasiyopiga kelele. Lakini meno hayo hayagusani tu. Yanateleza moja juu ya jingine kwa shinikizo kubwa mno, na oili ya kawaida inakamuliwa ikatoka yote katikati. Chuma kikabaki kinasaga chuma. Wakemia wakatia salfa, baadaye na fosforasi. Pale meno yanapopata moto wa kusuguana, kemikali hizo zinashikana na chuma na kufanya ngozi nyembamba sana, na ngozi hiyo ndiyo inayolika badala ya jino. Ndiyo harufu ile ya yai bovu na kiberiti ambayo hutoka mkononi baada ya siku mbili. Kwenye maduka yetu huitwa EP 90. Herufi mbili za mbele ni kifupi cha Kiingereza cha shinikizo kali, na 90 ni kipimo cha uzito wake.

Sasa fikiria Peugeot 404. Gari hili lilitoka Ufaransa mwaka wa 1960 na Afrika Mashariki ikalipokea kama mtoto wa kwao. Lilishinda Safari Rally 1963, kisha 1966 na 1967 likiendeshwa na Bert Shankland wa Tanzania, kisha 1968 tena. Likawa teksi ya masafa marefu, likawa matatu hata kabla Rais Kenyatta hajaziruhusu matatu kubeba abiria bila leseni mwaka wa 1973. Lakini difu ya 404 haikuwa ya hipoidi. Ilikuwa na chuma chenye umbo la parafujo, ambacho mafundi wa Ulaya hukiita mnyoo, kikizungusha gurudumu la bronzi. Na bronzi haipatani na salfa. Kemikali ile ile inayookoa chuma kwenye difu ya hipoidi inaweza kuila bronzi polepole, hasa oili ikichemka kwenye mlima mrefu. Kwa 404, EP 90 ya kawaida ilikuwa sumu yenye harufu ya dawa.

Halafu 1968 ikaja 504, yenye nembo ile ile ya simba, ikiwa na difu ya hipoidi. Ikaja kuunganishwa hapa hapa Kenya, Mombasa. Kwa hivyo fundi wa miaka ya 1970, kwenye uwanja wa nyasi huko Bureti, angeweza kuwa na Peugeot mbili zimesimama pamoja, moja inataka oili ambayo ingeiua nyingine. Vitabu vilivyoeleza hayo vilikuwa vya Kifaransa na Kiingereza, na vilikaa Nairobi. Hakuna aliyemwandikia kwa Kiswahili wala kwa Kikipsigis. Alijua kwa sababu aliambiwa na mtu aliyeambiwa, na kwa sababu mahali fulani mtu fulani alikuwa ameshalia kwa gurudumu la bronzi lililoliwa. Mwaka wa 1972 wataalamu wa Shirika la Kazi Duniani waliandika ripoti kuhusu Kenya iliyoufanya ulimwengu uzoee jina la sekta isiyo rasmi. Jina hilo halijawahi kunikaa vizuri. Kutofautisha oili ya mnyoo na oili ya hipoidi bila kitabu ni jambo rasmi sana.

Mjomba wangu hakuwahi kuwa na Peugeot. (Kwa Kikipsigis mjomba huitwa mama, jambo ambalo limewachanganya walimu wengi wa Kiswahili waliotumwa kwetu kutoka mbali.) Alikuwa na Toyota Hilux aliyoinunua kwa bonasi ya chai na deni. Ilibeba majani ya majirani wa bondeni hadi kituo cha kupimia, na siku zisizo za chai ilibeba maziwa, mbolea, mahindi na watu. Lori la kiwanda lilipita kituoni kwa saa yake na halikumngoja mtu.

Mvua za El Niño zilitukuta mwishoni mwa 1997. Kijito cha bondeni, ambacho tulikuwa tukikiruka kwa mguu mmoja, kilifika kwenye milango ya gari. Mjomba alikivuka jioni akiwa na mzigo. Sasa, difu iliyopanda mlima ina moto. Ukiizamisha ghafla kwenye maji baridi, hewa iliyomo ndani inasinyaa, na kama kile kitundu chake cha kupumulia kimezibwa na matope, inavuta maji kupitia sili. Hilux ilifika nyumbani ikitoa sauti ya mtu anayesaga mahindi mbali sana.

Gari lilipandishwa jeki kwenye sehemu iliyo sawa, likawekewa magogo ya mkaratusi chini ya ekseli, kwa sababu jeki si ya kuaminiwa na mtu mwenye watoto. Spana ya 24 ilikuwa ya jirani. Nilishika nati ya chini.

"Acha hiyo! Fungua ya juu kwanza," mjomba akasema. "Ukimwaga ya chini alafu ya juu ikatae, utawekea oili wapi? Na utaita nani saa hii?"

Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya kazi hii, na nimeisikia kwa mafundi wa Litein, wa Sotik na wa Kaplong kwa maneno karibu yale yale. Ya juu ni tundu la kujazia. Ya chini ni la kumwagia. Uwe na hakika na mlango wa kuingilia kabla hujafungua wa kutokea.

Ya juu ikakubali. Ya chini ikafunguka, na kwenye beseni ikashuka kitu cha rangi ya chai ya maziwa. Sitanii, hata kogo, yaani nyanya, alisema hivyo kutoka mlangoni. Oili ya difu iliyo nzima ni ya rangi ya asali. Iliyochoka ni nyeusi. Iliyoingiliwa na maji inakuwa maziwa kabisa. Mjomba alichukua nati ya chini, ambayo ina sumaku ndogo, akaipangusa kwa kidole. Ukikuta uji wa kijivu, laini, ni sawa, hiyo ni kulika kwa kawaida. Ukikuta vipande vyenye ncha, jino limevunjika na oili mpya haitaliotesha. Alikuta uji. Akakaa kimya kidogo, kisha akaomba chai.

Tulitia oili kidogo ya bei rahisi, tukazungusha matairi kwa mkono yakiwa hewani, tukaimwaga nayo, mara mbili, mpaka rangi ya maziwa ikaisha. EP 90 yenyewe ilikuwa imenunuliwa kwa kupimwa, kutoka pipa la muuzaji wa sokoni, ndani ya chupa za soda. Usiku wa Konoin, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, oili hiyo haimiminiki, inatambaa. Chupa zikawekwa kwenye sufuria ya maji moto jikoni. "Na hiyo sufuria nani ataosha?" kogo akauliza, na ninavyokumbuka hakuna aliyejibu. Halafu mpira wa bomba, mtu mmoja juu na chupa, mwingine chini na kidole, mpaka oili ikaanza kuchuruzika kutoka tundu la juu lenyewe. Hapo ndipo difu imeshiba. Iliingia kama lita mbili. Washa mpya haikuwepo, ile kuukuu ikageuzwa upande wa pili.

Saa kumi na moja asubuhi gari lilishuka bondeni. Siku hiyo lilibeba majani ya nyumba sita. Kama difu ingekufa wiki ile, kilele cha mavuno, nyumba hizo zingebeba kwa mgongo kile ambacho mgongo ungeweza, na kingine kingeozea mtini au kwenye gunia. Vitabu vya hesabu vya kiwanda vinaonyesha kilo zilizopimwa mwezi huo. Sufuria ya kogo haionekani humo.

Baadaye ikaja Probox. Toyota ililitoa gari hili Japani mwaka wa 2002, na sheria yetu ya kutoingiza gari lililozidi miaka minane ikalifanya litufikie likiwa bado na nguvu. Leo ukisimama Kapkatet nusu saa utapitwa nazo mpaka uchoke kuhesabu, na abiria ndani yake ni zaidi ya viti. Nyingi husukumwa na matairi ya mbele. Vijana husema Probox haina difu. Inayo, imehamia mbele, imefichwa ndani ya gia boksi, na mara nyingi zinakunywa oili moja. Ukitia EP 90 humo kwa sababu babu yako aliapa nayo, utajua haraka. Kwa hiyo somo la 404 na 504 limerudi likiwa na sura nyingine, na safari hii linapitishwa kwa simu, kijana akipiga picha ya kopo na kumtumia fundi aliye Sotik: "Boss, hii inaingia?"

Kuhusu pipa la muuzaji: kuna wanaochanganya. Wateja wa zamani hunusa kabla ya kulipa. Harufu ya salfa haikuhakikishii kwamba oili ni nzuri, lakini ikikosekana kabisa, umepimiwa kitu kingine.

Limebaki beseni. Katika historia yote hii, kuanzia karakana za wakoloni hadi uwanja wa mjomba, swali la oili chafu inakwenda wapi halikuulizwa. Ilimwagwa nyuma ya choo, au barabarani kutuliza vumbi. Itare na Kipsonoi hushuka hadi Sondu, kisha ziwani. Nyangores hupita Bomet mjini, huungana na Amala na kuwa Mara, ambao nyumbu wa Serengeti huunywa. Sisi tuko kwenye chanzo. Kila tunachomwaga kina jirani chini yake. Nimewaambia hivyo vijana wa kwetu, na mmoja akaniuliza aipeleke wapi basi, maana mtaro ni ule ule na kituo cha kukusanyia oili chafu hakuna. Kwa sasa tunaiweka kwenye madebe chini ya ghala. Nyingine hupakwa miguu ya nguzo za ua, mchwa wasizile. Iliyobaki huchukuliwa na wapasuaji mbao, ambao huja Jumamosi kuinunua kwa ajili ya minyororo ya misumeno yao ya injini, na huwa hawaulizi ilitoka kwenye difu gani.